Sabato ya Fainali

Ijumaa ya tarehe 1 Julai 2022, basi la asubuhi la Tanga kwenda Arusha lilikuwa jekundu na jeupe kuanzia kiti cha nyuma ya dereva hadi kile cha mwisho ambapo watu hubanana sita. Wagosi wa Kaya walikuwa wanakwenda fainali. Kesho yake timu yetu hiyo, Coastal Union, ilikuwa inakutana na Yanga kuwania Kombe la Shirikisho la Azam katika Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na kwa wiki nzima mtaa wetu wote wa Ngamiani ulikuwa unaulizana nauli. Mimi nilikuwamo ndani ya basi hilo, nimevaa shati la kawaida, na tiketi yangu imeandikwa Same.

Nilikuwa nimetoa ahadi. Rafiki yangu mmoja, Mpare wa Chome tunayefanya naye kazi Tanga, alikuwa ananialika kwao miaka yote na mimi napiga chenga. Mwaka huo tukakubaliana tarehe kabla hatujajua kalenda ya mpira itaangukia wapi. Fainali ilipotangazwa nikamwomba tusogeze mbele. Akaniambia wazazi wake wameshaambiwa mgeni anakuja, na mama ameshatenga kuku, na ahadi kwa wazazi wa mtu haivunjwi kwa sababu ya mpira. Maneno mazuri. Ila yeye ni Yanga, na timu yake ilikuwa imezoea fainali.

Basi tukaenda, tumepakata kiroba cha machungwa ya Muheza na nazi za kumpelekea mama. Kuanzia Segera barabara ya kaskazini ina tabia moja: milima hukaa upande wa kulia muda wote. Kwanza Usambara, Korogwe hadi Mombo, ambapo watu wa Lushoto hushuka. Halafu Mazinde, halafu Mkomazi, na bila mtu kukutangazia Usambara imekwisha na Upare umeanza. Kushoto ni mkonge, kisha nyika, na mahali fulani huko chini Mto Pangani. Nilikuwa nimepita njia hiyo mara nyingi na kila mara niliitazama milima ile kwa kupitia kioo tu. Haikunipitia akilini kwamba huko juu kuna watu wanaochemsha uji asubuhi.

Nyimbo zilianza Hale na hazikukatika. Coastal ilianzishwa mwaka 1948 na ubingwa wake wa ligi ni mmoja, wa 1988. Nusu ya waliokuwa wanauimba ubingwa huo hawakuwa wamezaliwa. Nusu fainali walikuwa wameitoa Azam kwa penalti katika uwanja huo huo wa Arusha, kwa hiyo kulikuwa na wanaosema uwanja ule tayari ni wetu. Jambo ambalo hakuna aliyeligusa ni tarehe 15 Juni. Siku hiyo Coastal walikwenda Dar es Salaam, wakafungwa na Yanga tatu bila, na kwa mabao hayo Yanga ikajihakikishia ubingwa mbele ya macho yao. Yanga ile ya Nasreddine Nabi ilimaliza ligi nzima, mechi thelathini, bila kupoteza hata moja. Nusu fainali ilikuwa imemtoa Simba pale Mwanza kwa bao la Feisal Salum. Ukiwa na akili timamu hupandi basi kufuata fainali ya namna hiyo. Basi lilijaa.

Tuliposimama Same na mimi nikainuka kuchukua kiroba changu, wenzangu walinizomea hadi mlangoni. Mzee mmoja aliyevaa kofia ya kufuma ya timu alinishika mkono akaniuliza kwa upole kama nina msiba.

Same ni mji wa upepo na vumbi. Milima imeuzunguka lakini mvua yake huishia huko huko juu, na kilichobaki chini ni miiba, mbuzi na jua. Magari ya Chome hushuka alfajiri yakiwa yamebeba watu na mazao, yakashinda stendi, yakapanda alasiri. Kwa hiyo unakaa. Tulikaa chini ya mti pamoja na magodoro, mabati, kreti za soda na mama mmoja aliyekuwa na vifaranga ndani ya boksi, na hapo ndipo rafiki yangu aliponisimulia habari za mbiru.

Mwaka 1945 maelfu ya wanaume wa Upare waliteremka kutoka milimani wakaja kupiga kambi hapo Same, penye ofisi ya mkuu wa wilaya wa Kiingereza, kuipinga kodi iliyoitwa mbiru, ambayo ilimtaka kila mtu alipe kwa kukadiriwa mali yake. Hawakuja kupigana. Walikaa, wakakataa kuondoka. Baadaye wanawake nao wakaingia. Mwanahistoria Isaria Kimambo, mwenyewe Mpare, aliandika juu ya mgogoro huo, na mwisho wake ni kwamba serikali ya kikoloni iliifuta kodi ile.

“Sisi wadogo,” rafiki yangu alisema, “tunajua kukaa.”

“Sasa mbona uko Yanga?”

“Hayo ni mambo mengine, bwana.”

Nililiweka jibu hilo moyoni, kwa sababu kwa siku mbili zilizofuata nililisikia kwa sauti nyingi tofauti.

Gari liliondoka likiwa limejaa kwa namna ambayo konda alikuwa hana pa kusimama ila ngazi ya nyuma. Mwanzo ni tambarare, vichaka vya miiba na udongo mwekundu. Halafu dereva anashusha gia, na kuanzia hapo haipandishi tena. Barabara inaukata mlima kwa kona ambazo gari haliwezi kuzimaliza kwa mkupuo mmoja: linaingia nusu, linarudi nyuma hadi utingo agonge bati, linaingia tena. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili hewa. Wazee walisinzia. Mwembe tulisimama watu wakanunua ndizi, na kutoka hapo kila kona ilibadilisha kitu. Kwanza ulikwisha mkwaju, ikaja migomba. Vumbi likatulia. Vikaonekana vijito vinavyokatiza barabara, vimekingwa kwa mawe na kuelekezwa mashambani. Wapare huyakusanya maji ya namna hiyo usiku katika bwawa dogo wanaloliita ndiva, asubuhi wakalifungulia na maji yakagawanywa kwa zamu shamba kwa shamba. Ni utaratibu wa zamani kuliko serikali zote tatu zilizowahi kuitawala wilaya. Kisha ukaja ukungu, na mimi mtoto wa pwani nikafungua begi nikatoa kila nguo niliyokuwa nayo.

Tulifika Chome jua likiwa linakaribia kuzama, na nyumba ya kina rafiki yangu niliikuta katika pilikapilika ambazo nilidhani ni kwa ajili yangu. Mtoto mmoja anapiga viatu rangi, mwingine anajaza madumu ya maji, sufuria la makande linatokota, mama anapiga nguo pasi. Kumbe walikuwa wanakimbizana na jua. Ni Wasabato, na siku kwao huanza magharibi. Kila kazi ya Jumamosi inapaswa iwe imemalizika Ijumaa kabla jua halijatua.

Kusini mwa Upare ndiko Usabato ulikoanzia katika nchi yetu. Wamisionari wa kwanza wa kanisa hilo, Wajerumani, walijenga kituo chao Giti, huko Mamba, mwaka 1903, na tangu hapo umekuwa jambo la ukoo. Walutheri wapo, Waislamu wapo, lakini Jumamosi ya milima ile huwezi kuikosea. Mimi Mwislamu wa Ngamiani nilijikuta ugenini katika hali ya kuzoeleka kabisa: hakuna pombe, hakuna nguruwe, na watu wanaangalia jua lilipo ndipo waombe. Hata chai ya majani hawanywi. Nililetewa mchaichai wa moto na maziwa, nikamshukuru Mungu kwa vyote viwili.

Jua lilipotua wakaimba, baba akasoma, tukaombewa safari yetu. Alikuwa mwalimu mstaafu, mrefu, mwenye sauti ya kufundishia darasa kubwa. Baada ya maombi alinigeukia.

“Karibu sana, mwanangu. Hapa kwetu, kuanzia sasa hadi jua lizame kesho, habari za kazi, za biashara na za michezo huwa tunaziweka kando kidogo. Wewe ni mgeni, hatukufungi. Nimesema tu ujue nyumba ilivyo.”

Rafiki yangu alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Miezi yote ile tukipanga safari hakuwahi kunitajia kwamba yeye mwenyewe fainali hataiona.

Asubuhi walikwenda kanisani nyumba nzima, wamependeza, Biblia kwapani, na kila waliyekutana naye walimtakia Sabato njema. Mimi nilipewa kijana wa jirani anitembeze. Alikuwa Mlutheri, kwa hiyo Jumamosi yake ilikuwa huru, na alitembea kwa kasi ambayo mapafu yangu hayakuiruhusu. Alinipeleka hadi ukingoni mwa msitu. Kuingia kuna kibali na kiingilio, maana ni hifadhi ya asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, zaidi ya hekta 14,000 za miti iliyovaa kuvumwani na ndevu. Ndani yake kuna kilele cha Shengena, mita 2,462, kirefu kuliko vyote vya Upare, ambacho siku hiyo kilikuwa kimejifunika. Kuna pia ndege mdogo mwenye duara jeupe kuzunguka jicho ambaye haishi kokote duniani isipokuwa milima hii ya kusini. Kijana alisema humwona karibu kila siku akiwa shambani, na hakuelewa kwa nini wageni husafiri kutoka mbali kuja kumtafuta.

Tulipokuwa tunashuka, tukipita mashamba ya maharage na viazi, watoto watatu walitukimbilia wakasimama mbele yetu na kuanza kutetema, mikono mbele, magoti yanacheza, vile vile alivyokuwa anafanya Fiston Mayele kila akifunga. Huo ndio ukubwa wa Yanga. Mtoto ambaye hajawahi kufika Moshi, anayechunga mbuzi penye ukungu, anazo hatua zote za kushangilia za mshambuliaji aliyetoka Kongo.

“Na wewe?” nilimuuliza mwenyeji wangu. “Yanga?”

“Mimi leo Coastal, kaka.”

Nilifurahi, nikampa mkono. Tukatembea hatua chache.

“Leo?”

“Mimi ni Simba,” akasema. “Lakini leo Coastal. Wote wa Simba leo ni Coastal.”

Ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimepanda mlima ule na dhana moja ya mjini: kwamba watu wa pembezoni, waliozoea kunyimwa, kwa asili yao watasimama na timu ndogo. Nilidhani nitakuta kijiji kizima cha Wagosi wa hiari. Nilichokuta ni nchi ile ile ninayoifahamu, imegawanyika katikati kwa rangi mbili zilizotoka Kariakoo, na mnyonge wa siku anakodishiwa mashabiki na mpinzani wa mkubwa. Mkubwa angekuwa Simba, wale waliokuwa wanashangilia kwa kutetema ndio wangegeuka Coastal. Sisemi kwa kulalamika. Kushangiliwa kwa mkopo ni bora kuliko kutoshangiliwa. Lakini ukitoka katika mji wenye timu yake, unaihisi tofauti.

Kibanda umiza kilikuwa chini ya barabara, mbao na mabati, mabenchi bila migongo, kiingilio shilingi mia tano, luninga moja imefungiwa juu karibu na dari ili mrefu asimzibe mfupi. Mwenyewe alikuwa amesimamisha jenereta nje kwa tahadhari. Upande wa kulia waliketi Yanga, upande wa kushoto Simba waliovaa Ucoastal, na katikati njia nyembamba ambayo hakuna aliyeivuka. Nje, kwenye ukuta wa mawe ng'ambo ya barabara, walikaa vijana wanne wenye suruali za kanisani zilizonyooka. Hawakuingia. Hawakuangalia. Walikuwa wamekaa tu mahali ambapo, kwa bahati, sauti inafika.

Kwenye benchi la mbele kabisa alikuwapo mzee peke yake, kofia ya sufi hadi masikioni, koti juu ya koti. Nilipotaja kwamba natoka Tanga alisogea akanipa nafasi. Alikuwa amefanya kazi katika mashamba ya mkonge ujana wake wote, na mwisho wa wiki alikuwa anakwenda Uwanja wa Mkwakwani. Aliiona Coastal ya 1988 kwa macho yake. Aliporudi mlimani alirudi na mambo matatu: redio, kikohozi na Coastal. Watoto wake ni Yanga na Simba, wajukuu ni Yanga. “Wananiuliza, babu, timu gani hiyo haionekani kwenye kalenda,” aliniambia. Alikuwa Mlutheri, aliongeza bila mimi kumuuliza, akiwatupia jicho wale wa ukutani.

Fainali za namna hii zina historia yake kwetu, nami nilikuwa naijua vizuri kuliko nilivyopenda. Mwaka 2017 Mbao ya Mwanza ilimfikisha Simba hadi muda wa nyongeza pale Dodoma ikafungwa mbili kwa moja. Lipuli ya Iringa mwaka 2019 ikafungwa na Azam moja bila, Lindi. Namungo ya Ruangwa mwaka 2020, Sumbawanga, tena Simba, tena mbili kwa moja. Hata Ufaransa, Calais, timu ya ridhaa ya daraja la nne, ilifika fainali mwaka 2000 na Nantes wakaifunga mbili kwa moja kwa penalti ya mwishoni. Mdogo akifika huko hachapwi tano. Hufungwa kwa kitu kidogo tu, na hicho kidogo ndicho kinachomuuma miaka.

Mapema tu Abdul Suleiman, ambaye wote tunamwita Sopu, aliifungia Coastal bao la kwanza. Upande wa kushoto ulilipuka. Mzee hakusimama. Alinishika goti na kulibana hadi mpira ulipowekwa tena katikati. Hadi mapumziko ilikuwa moja bila, na watu wa Simba walikuwa wameshaanza kumwita mzee “mwenyekiti”.

Kipindi cha pili Yanga walikuja na uzito wao wote. Feisal alisawazisha. Baadaye, muda ukiwa unayoyoma, Heritier Makambo akafunga la pili na upande wa kulia wakaanza kukusanya makoti yao kwa dharau, kwamba mambo yamekwisha. Nilimtazama mzee. Alikuwa anafunga vifungo vya koti la ndani. Dakika zikiwa za mwisho mwisho Sopu akapiga tena. Mbili mbili. Mzee akafungua vifungo.

Sina hakika kama ninaweza kulieleza lile la tatu. Muda wa nyongeza, timu isiyofungwa ligi nzima, na yule yule Sopu anaifunga kwa mara ya tatu. Mabenchi yalianguka. Watu ambao hawajawahi kufika Tanga na ambao mwezi mmoja nyuma hawakujua jina la kocha wa Coastal walimbeba mzee juujuu, kofia ikamtoka, akawa anapiga kelele za kunitaka nimshushe wakati aliyembeba si mimi. Ng'ambo ya barabara mmoja wa wale vijana wa suruali zilizonyooka alijishika kichwa. Alikuwa Yanga, masikini, na kwa kufuata sauti peke yake alikuwa ameshajua.

Aliyesawazisha ni Denis Nkane. Watu walipiga kelele za Yanga, lakini mimi nilikaa nikitafakari jina. Nkane alikuwa ametua Yanga msimu huo huo katika dirisha dogo akitoka Biashara United ya Mara, na Biashara msimu huo huo ikashuka daraja. Nahodha wa Yanga, Bakari Mwamnyeto, Yanga walimtoa Coastal mwaka 2020. Mkubwa hakuwa anaokolewa na ukubwa wake. Alikuwa anaokolewa na mtoto wa mwenzake mdogo, aliyemchukua miezi sita nyuma.

Tatu tatu. Zikaja penalti, Yanga wakashinda nne kwa moja, na sitaki kuzisimulia moja moja. Mlango wa kibanda ukafunguka na kwa muda wa kuvuta pumzi mbili tatu upande wa kushoto ukawa mtupu. Simba walikwisha kurudi kuwa Simba. Njiani walikuwa wanabishana juu ya usajili wao. Tulibaki mimi, mzee, na mwenye kibanda akiinua mabenchi. Mzee alitafuta kofia yake chini ya viti, akaikung'uta, akanipa mkono wa pole, nami nikampa wa kwangu.

“Mabao matatu,” alisema. “Yanga wamefungwa matatu na sisi.”

Nje ukungu ulikuwa umeshameza bonde. Jua halikuonekana, na vijana wa ukutani walikuwa katika mjadala mzito: wawili wanasema limeshapita nyuma ya mlima kwa hiyo limezama, wawili wanasema mlima si magharibi, kuna saa yake kwenye kalenda ya kanisa. Niliwaacha wanabishana.

Nilipofika nyumbani niliwakuta sebuleni, wako katika kufunga Sabato. Rafiki yangu alinitazama tu usoni kutafuta jibu, nami nikajifunza kwa mara ya kwanza maishani kuuficha uso. Wimbo uliimbwa wote, beti zote. Baba aliomba kwa utaratibu wake, akawaombea wagonjwa, wasafiri, viongozi, mvua. Akasema amina. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

“Haya, mwanangu. Tusimulie. Nani alianza kufunga?”

Sikuwa nimetegemea. Nikaanza na la kwanza la Sopu, na yule mwalimu mstaafu akawa ananikatiza kama ninasomea mtihani: lilitoka upande gani, beki alikuwa wapi, Mwamnyeto alifanya nini. Nilimaliza la pili la Yanga na rafiki yangu akaruka. Nikasema subiri. Nikasema la Sopu la pili, akakaa. Nikasema la tatu, akaweka mikono kichwani na mama akacheka jikoni. Kwa hiyo fainali ya 2022 rafiki yangu aliisikia kwa kinywa cha shabiki wa Coastal, mbele ya baba yake, akila makande, na nilichukua muda wangu kufika kwa Nkane. Penalti nilizisema kwa sentensi moja.

Baba, ilionekana, ni Simba. “Nilikuwa naiombea Coastal,” alisema, “ila si kwa maombi ya leo.”

Jumapili gari lilishuka alfajiri, kijiji kizima kikiwa kazini kama ilivyo desturi yao siku hiyo, viroba vya viazi juu ya keria na harufu ya tangawizi ndani. Stendi ya Same nilikutana na wenzangu wa lile basi jekundu wanarudi kutoka Arusha. Sauti zilikuwa zimewakauka wote. Walinisamehe papo hapo, maana walihitaji mtu wa kumsimulia ambaye hakuwepo, na hadi Segera nilisimuliwa mchezo ambao niliuona.

Mwezi huo huo wa Julai Sopu alisajiliwa na Azam, timu ile ile ambayo Coastal iliitoa nusu fainali. Septemba Juma Mgunda, kocha aliyewafikisha wadogo Arusha, akachukuliwa na Simba. Sikutarajia vinginevyo, na ningekuwa kijana mwenye mguu wa Sopu nami ningekwenda. Rafiki yangu alipopanda tena Chome mwisho wa mwaka, mzee wa benchi la mbele alimsimamisha njiani kumwuliza kama habari hizo ni za kweli. Akaambiwa ni za kweli. Akamwagiza aniambie nimtafutie jezi ya Coastal, saizi kubwa ili ipite juu ya makoti, na mgongoni isiandikwe jina la mtu.